Barua ya wazi kwa wardeni na halmashauri ya parokia: waandikieni watumishi walei mikataba kabla rekta mpya hajaitwa

Kwa Wardeni wa parokia, Wajumbe wa Halmashauri na Wajumbe wa Kamati ya Kumtafuta Kasisi. Nakala kwa Mhashamu Askofu wa Dayosisi.

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaandika nikiwa muumini wa ibada ya Kiswahili katika parokia yetu ya Kanisa la Episkopali, yaani Kanisa la Kianglikana la hapa Marekani, mtoaji wa ahadi ya kila mwaka na mpiga kura katika mkutano mkuu wa parokia kama waumini wengine wote, na nakala ya barua hii kwa Kiingereza nimekwisha kuikabidhi ofisini. Ombi langu ni moja. Tangu kasisi wetu kiongozi, yule ambaye kanuni humwita rekta, alipostaafu, ninyi wardeni na wajumbe wa halmashauri, waumini mliochaguliwa kuiongoza parokia, ndio mnaoshika usukani. Katika miezi hii ambayo mtakuwa mkiandaa maelezo ya parokia, mkisoma majina ya wanaopendekezwa na mkijadili mshahara wa kasisi ajaye, naomba muandike pia, kwa sahihi zenu, masharti ya kazi ya watumishi walei, yaani walioajiriwa na parokia wasio makasisi wala mashemasi: katibu wa ofisi, mpiga kinanda, mhasibu, mlezi wa watoto na mtunza jengo. Naomba lifanyike kabla kasisi mpya hajaitwa, kwa sababu nitakazozieleza.

Kanisa letu limeweka utaratibu makini sana kuhusu rekta, na sina ugomvi nao. Parokia ikibaki bila rekta, wardeni hutakiwa kumjulisha askofu mara moja kwa maandishi. Ikipita siku 30 bila parokia kujipangia ibada, askofu huingia kati na kuzipanga mwenyewe. Halmashauri haiwezi kumchagua mtu mpaka majina yapelekwe kwa askofu, naye apewe muda usiozidi siku 60 wa kuzungumza nanyi. Akishachaguliwa na kuingizwa kazini, rekta hawezi kujiuzulu bila ridhaa ya halmashauri, wala halmashauri haiwezi kumwondoa asipotaka ila kwa njia zilizoandikwa katika kanuni, askofu akihusika. Juu ya hayo yote huandikiwa barua ya makubaliano inayotaja nyumba au posho ya nyumba, likizo, siku za masomo na mapumziko marefu baada ya miaka kadhaa ya utumishi. Hata kasisi msaidizi, ambaye hutumikia chini ya mamlaka ya rekta, kanuni zinamruhusu kuwa na barua ya namna hiyo, ikiidhinishwa na askofu.

Mtumishi mlei hana chochote katika hayo. Katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Montana, sheria ya kazi kwa ujumla humruhusu mwajiri kumwachisha mfanyakazi asiye na mkataba wakati wowote, kwa sababu yoyote ambayo haikukatazwa na sheria, au bila kutoa sababu kabisa. Katibu wetu wa ofisi, ambaye amefanya kazi chini ya marekta wawili na kasisi mmoja wa muda, anaweza kuambiwa Ijumaa jioni aache funguo mezani. Sidhani kama kuna mjumbe mmoja wa halmashauri anayemtakia hivyo. Lakini heri ya mtu kutegemea moyo mwema wa wajumbe wa mwaka huu ni heri ya muda, kwa kuwa wajumbe hubadilika kila uchaguzi.

Mwaka huu tumeona wazi ni nani hubaki kasisi anapoondoka. Rekta anapostaafu, kwa desturi nzuri ya Kanisa letu, hukaa mbali: harudi kuongoza arusi wala mazishi bila kualikwa, ili parokia ipate kumzoea mwingine. Wanaobaki ni hawa walei. Mhasibu ndiye aliyekusanya hesabu za taarifa ya parokia, ambayo kanuni zinataka iwe imewasilishwa ifikapo Machi 1, na ndiye atakayekaa na wakaguzi wa hesabu. Mtunza jengo ndiye anayejua ni vali ipi ya boila hukwama baridi ikizidi. Makasisi wa kuazimwa wanaotujia Jumapili kwa Jumapili humpigia katibu simu Alhamisi kuuliza ni mavazi ya rangi gani, nani anasoma, na komunyo hupokewa wakiwa wamepiga magoti au wamesimama.

Naomba mniruhusu nieleze juma moja la majira ya baridi yaliyopita, kwa sababu liliihusu familia ya ibada yetu ya Kiswahili na wengi wenu mlikuwepo mazishini. Simu ya msiba iliingia ofisini Jumanne alasiri, kasisi msaidizi akiwa hospitalini kwa mgonjwa mwingine. Katibu aliipokea, akawasikiliza watoto wa marehemu wakilia, akafungua daftari la maziko kutazama nafasi katika ukuta wa kuhifadhia majivu ya marehemu, kisha akawaeleza polepole, kwa Kiingereza chepesi, kwamba familia ina hiari ya kuzika mwili na hakuna anayewalazimisha kuuchoma. Jumatano mpiga kinanda aligundua kwamba nyimbo mbili zilizoombwa zimo katika kitabu chetu cha Kiswahili kwa maneno tu, bila noti. Akamwomba mama mmoja wa kwaya amwimbie kwenye simu ubeti baada ya ubeti, huku yeye akiandika noti kwa penseli, na akaomba ubeti wa tatu urudiwe kwa kuwa sauti ya pili ilikuwa imempotea. Kijitabu cha ibada kilichapwa, kikachapwa tena kwa sababu jina la mjukuu lilikosewa, kikakunjwa kwa mkono Ijumaa usiku kwa kuwa mashine ya kukunja ilikuwa mbovu. Jumamosi kabla ya mapambazuko mtunza jengo alikuwa akimwaga chumvi kwenye ngazi, maana theluji ilikuwa imeganda na wazee wetu hawakuzoea kutembea juu ya barafu.

Kasisi aliongoza ibada vizuri, akahubiri kwa maneno machache yaliyotufaa, na Jumapili akashukuriwa wakati wa matangazo, kama ilivyostahili. Katika orodha ya saa za kazi ya juma lile, katibu aliandika saa 28 na mpiga kinanda akaandika saa 18. Waliandika hivyo kwa sababu ndizo saa zilizo katika bajeti.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, nanyi nivumilieni nikienda na tarakimu. Kwa kanuni za Kanisa letu, mtumishi mlei anayefanya kazi saa 1,000 au zaidi kwa mwaka lazima aingizwe katika mpango wa pensheni, na anayefikisha saa 1,500 lazima parokia imfungulie mlango wa bima ya afya ya Kanisa. Saa 18 kwa juma, kwa majuma 52, ni saa 936. Saa 28 kwa juma ni saa 1,456. Mpiga kinanda wetu amekosa pensheni kwa saa 64 za mwaka mzima, na katibu wetu amekosa bima ya afya kwa saa 44. Juma la msiba nililolieleza, pamoja na Juma Takatifu na juma la Krismasi, yangetosha kuziba pengo hilo kama saa zingeandikwa jinsi zilivyofanywa. Sisemi kwamba mtu fulani alikaa akapanga hila. Huenda namba hizi zilirithiwa kutoka bajeti za zamani, kila mwaka zikinakiliwa kama zilivyo. Lakini nafasi mbili zinapokaa chini kidogo tu ya mipaka miwili tofauti, muumini wa kawaida ana haki ya kuuliza, na halmashauri ina wajibu wa kujibu.

Kanisa hili lilipata kuona aibu juu ya jambo kama hili, na likachukua hatua. Mwanzoni mwa karne iliyopita makasisi wengi walizeeka bila akiba, na wajane wao wakaachwa wakitegemea michango ya huruma. Askofu William Lawrence wa Massachusetts aliongoza harambee ya kuanzisha Mfuko wa Pensheni wa Kanisa, akilenga dola milioni 5. Zilipatikana zaidi ya milioni 8, na Mfuko ukaanza kazi Machi 1, 1917. Tangu hapo pensheni ya kasisi imekuwa haki inayohesabiwa, na leo parokia hulipa katika Mfuko kiasi sawa na asilimia 18 ya malipo yake. Kwa walei, ulinzi wa namna hiyo uliingizwa katika kanuni kwa nguvu ya lazima na Mkutano Mkuu wa Kanisa zima uliofanyika Anaheim, California, mwaka 2009, yaani miaka 92 baadaye, na kwa kiwango cha chini zaidi: asilimia 9 ya malipo yake katika mpango unaoahidi kiasi maalumu cha pensheni, au, katika mpango wa akiba ya mtumishi, asilimia 5 pamoja na kuongezea kiasi sawa na kile ambacho mtumishi mwenyewe anaweka, hadi asilimia 4 ya malipo yake. Kwa mtumishi anayelipwa dola 24,000 kwa mwaka, asilimia 9 ni dola 2,160. Nimeisoma bajeti mliyotugawia katika mkutano mkuu, na naamini kiasi hicho kinapatikana bila kugusa hazina ya wakfu.

Nisieleweke vibaya kuhusu makasisi. Sina nia ya kuwapunguzia hata senti. Watu huona posho ya nyumba isiyotozwa kodi ya mapato wakadhani kasisi anaishi kwa anasa, wakisahau kwamba kwa mambo ya hifadhi ya jamii sheria ya Marekani humhesabu kama mtu aliyejiajiri, hivyo hubeba peke yake asilimia 15.3 ambayo mfanyakazi wa kawaida hugawana na mwajiri wake. Kasisi wetu msaidizi amebeba parokia nzima tangu rekta aondoke, akiitwa usiku na mchana, na ningependa halmashauri imlazimishe, naam, imlazimishe, kuchukua siku yake ya mapumziko. Kuhusu shemasi wetu, yeye hutumikia chini ya askofu moja kwa moja na hapokei mshahara, jambo ambalo ni la kawaida kwa mashemasi wa Kanisa letu; lakini mafuta ya gari anayotumia kwenda gerezani kila juma si sehemu ya wito wake, na yafaa arudishiwe.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani wengi wetu hatulijui mpaka litufike. Sheria ya Marekani huyaruhusu majimbo kuwaacha watumishi wa makanisa nje ya bima ya kukosa kazi, na katika majimbo mengi ndivyo ilivyo. Mfanyakazi wa kiwandani akiachishwa kazi hupata malipo ya majuma kadhaa akitafuta kazi nyingine. Mtunza jengo wa kanisa akiachishwa, mara nyingi hapati kitu. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya makanisa, serikali ya Marekani iliunda msaada wa pekee kwa watu wasiofikiwa na bima ya kawaida, na watumishi wa makanisa walikuwa miongoni mwa walioweza kuuomba. Msaada huo ulikwisha mwaka 2021. Kwa hiyo parokia inapomwachisha mtumishi wake bila notisi wala kiinua mgongo, hakuna mfuko mwingine unaomngojea nje ya lango. Mwajiri wa kidunia anaweza kusema serikali itamshika mkono huyu mtu. Sisi hatuwezi kusema hivyo.

Najua jibu ambalo limekwisha kutolewa. Katika mkutano wa parokia ilipendekezwa, na baadhi yenu mkatikisa vichwa kukubali, kwamba watumishi wote waandike barua za kujiuzulu na kuziacha mezani, ili rekta mpya awe huru kuchagua watu wa kufanya nao kazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa pendekezo hili mgeni anakuja na mwenyeji anafungashiwa virago. Katibu alikuwa chumbani humo akiandika kumbukumbu za mkutano, na ilimbidi aliandike pendekezo lile kwa mkono wake.

Hoja ya uhuru wa rekta ina uzito, nami siidharau. Rekta ndiye mwenye madaraka juu ya ibada na muziki, na kwa desturi ndiye anayewasimamia watumishi wa ofisi. Haifai aingie katika nyumba ambayo kila kiti kimefungwa kwa msumari. Lakini mkataba ninaouomba haumfungi mikono. Rekta akiona baada ya muda kwamba kazi ya mtumishi fulani haiendani na mwelekeo wa parokia, atabaki na uwezo wa kumwachisha. Kitakachobadilika ni kwamba ataanza na mazungumzo, atatoa notisi inayojulikana, na parokia italipa kiinua mgongo kilichokubaliwa kabla ya mtu yeyote kukasirika. Tena, kwa maoni yangu, mkataba humlinda rekta mwenyewe. Kasisi anayemwachisha mpiga kinanda anayependwa, bila utaratibu wowote, hupoteza kwaya kwanza, halafu hupoteza nusu ya mkutano wake mkuu, na baada ya hapo hata mahubiri mazuri hayasikilizwi. Mwiteni mtu aliyekuta mambo haya yameandikwa, naye atawashukuru. Akikataa kuja kwa sababu katibu ana notisi ya miezi miwili, basi amewaonyesha mapema jinsi anavyotazama watu walio chini yake.

Hii ndiyo sababu nasisitiza yafanyike sasa. Rekta akishafika, kila neno kuhusu watumishi litaonekana kuwa neno juu yake: ama tunamwekea mipaka, ama tunamtetea mtu fulani dhidi yake. Leo hakuna rekta wa kuudhika. Mnaweza kuandika sheria ya haki kwa watu msiojua ni nani atakuwa mkubwa wao, na kwa mtu msiyemjua atakayekuwa mkubwa huyo.

Mikataba hiyo, kwa ufahamu wangu, haina haja ya kuwa mirefu. Iseme saa halisi za kazi, zikihesabiwa kwa uaminifu kwa miezi 3 kabla ya kupangwa, na mtumishi atakayeonekana amevuka saa 1,000 au 1,500 apewe haki yake bila kuiomba. Iseme likizo, na iseme kwamba siku za mazishi na za Juma Takatifu zinazozidi saa zilizopangwa zitalipwa au zitarudishwa kwa mapumziko. Iseme notisi, na kiinua mgongo kinachokua kadiri ya miaka ya utumishi. Mlezi wa watoto, ambaye saa zake ni chache na hatafikia mipaka ya pensheni kwa hesabu yoyote, angalau apewe notisi na kulipwa Jumapili ambazo ibada inaahirishwa kwa dhoruba, kwa maana yeye hakuileta dhoruba.

Naomba pia mtumishi aelezwe kwa maandishi apeleke wapi malalamiko. Kanuni za nidhamu za Kanisa letu, zilizofanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika Julai 1, 2011, humruhusu mtu yeyote kupeleka taarifa ya mwenendo mbaya wa kasisi, shemasi au askofu kwa ofisa wa dayosisi aliyeteuliwa kuzipokea. Ni utaratibu mzuri, lakini unawahusu waliowekewa mikono tu. Mtumishi mlei aliyenyanyaswa na mlei mwenzake, au na mjumbe wa halmashauri, au na mtoaji mkubwa wa sadaka ambaye kila mtu anaogopa kumuudhi, hana pa kwenda isipokuwa kwa rekta. Na rekta asipokuwepo, kama sasa, hana pa kwenda kabisa. Chagueni watu wawili wasio wajumbe wa halmashauri, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, majina yao yabandikwe ukutani ofisini karibu na jina la ofisa wa dayosisi.

Katekisimu iliyomo katika Kitabu cha Sala cha 1979 inapouliza wahudumu wa Kanisa ni akina nani, hujibu kwa kuwataja walei, maaskofu, makasisi na mashemasi, walei wakitangulia. Najua hapo wanaokusudiwa ni wote waliobatizwa, si walioajiriwa pekee, na sitaki kulivuta fungu hilo kuliko urefu wake. Nataja tu kwamba katika ubao wa parokia ulio karibu na mlango, majina yanayoonekana ni ya makasisi na shemasi, na katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha Jumapili katibu huandikwa kwa cheo bila jina, ingawa yeye ndiye anayekichapa. Hilo halihitaji kikao wala bajeti. Mnaweza kulirekebisha juma hili.

Kwa yale mengine, naomba yawekwe katika ajenda ya kikao kijacho cha halmashauri, na kabla maelezo ya parokia hayajatumwa kwa dayosisi. Naomba mweka hazina alete hesabu ya gharama, na watumishi wenyewe waulizwe, kila mmoja peke yake, si mbele ya wenzake. Jibu lenu, liwe ndiyo au siyo, lisomwe wakati wa matangazo katika ibada zote tatu za Jumapili: ya saa 2 asubuhi, ya saa 4, na yetu ya Kiswahili ya saa 8 mchana. Iwapo mtaona inafaa niitwe kueleza lolote kati ya haya, nitakuja.

Wenu katika Kristo,

Muumini wa ibada ya Kiswahili